Mshauri Akiondoka, Nini Kinabaki? Mwongozo Kamili wa Kuhakikisha Mradi wa Ushauri Unalipa

Mradi wa ushauri una thamani pale tu jambo fulani ndani ya biashara linapofanyika tofauti baada ya mshauri kuondoka, na tofauti hiyo ikaonekana kwenye fedha, muda au hasara iliyozuiwa. Ripoti yenye jalada zuri haihesabiki, wala warsha ya siku mbili hotelini yenye chai, chakula cha mchana na posho. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye biashara ya kati hapa Dar es Salaam, awe msambazaji, mwenye kiwanda kidogo, shule binafsi au kampuni ya usafirishaji, anayetaka kumlipa mshauri fedha ambazo angeweza kununulia mzigo.

Swali la kama ushauri unasaidia kweli limeshapimwa kwa majaribio ya kisayansi, na majibu yake yanafundisha. Mtafiti wa uchumi Nicholas Bloom na wenzake walichukua viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, wakavigawa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja lilipata mwezi mmoja tu wa uchunguzi na mapendekezo. Fungu la pili lilipata mwezi huo pamoja na miezi minne ya washauri kukaa kiwandani wakisaidia utekelezaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: viwanda vilivyosaidiwa kutekeleza viliongeza tija kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza, ilhali vilivyoachiwa mapendekezo vilibadilika kidogo. Huko Puebla, Mexico, biashara ndogo na za kati zilizopewa mshauri wa saa nne kwa wiki kwa mwaka mzima zilikuwa na wafanyakazi wengi zaidi hata miaka mitano baadaye. Lakini Accra, Ghana, mafundi cherehani wadogo waliopewa ushauri walibadilika kwa muda, hawakupata faida zaidi, na baada ya mwaka mmoja wengi walikuwa wamerudia utaratibu wao wa zamani.

Kwa hiyo ushauri unaweza kulipa sana au usilipe kabisa. Tofauti inatokana na ukubwa wa tatizo, muda wa utekelezaji, na kama kuna mtu wa ndani wa kuendeleza kazi. Yote matatu unayaamua wewe mteja, na karibu yote unayaamua kabla hujasaini mkataba.

Hatua ya kwanza: jua unanunua nini

Watu huita "ushauri" vitu vinne tofauti, na kila kimoja hupimwa kwa kipimo chake.

Kuna kazi zinazotakiwa na sheria au na benki: ukaguzi wa hesabu unaofanywa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMC (baraza la mazingira), andiko la mradi ambalo benki inalidai kabla ya mkopo. Hapo thamani ni cheti, kibali au mkopo uliotoka. Usimdai mkaguzi wa hesabu akuongezee mauzo. Mdai amalize kwa wakati, na kazi yake isirudishwe.

Kuna kununua jibu. Hujui kwa nini duka la Tegeta linapata hasara na la Tandika linapata faida, na unataka mtu wa kuchunguza. Kuna kununua mikono: jibu unalijua, ila hakuna mwenye nafasi au ujuzi wa kulitekeleza. Na kuna kununua kinga, yaani mkurugenzi ameshaamua kupunguza wafanyakazi na anataka kampuni ya nje iseme ndivyo inavyopasa. Hii ya mwisho ndiyo tunayoishauri iachwe. Wafanyakazi huigundua mapema, hunyamaza kwenye mahojiano, na mshauri hupata taarifa za uongo.

Kabla ya kutafuta mtu wa nje, kaa na watu watatu wa chini kabisa kwenye mnyororo wa kazi: dereva, stoo kipa na mtu wa kaunta. Waulize mmoja mmoja, "Fedha inapotea wapi hapa?" Majibu yao yakifanana, huna haja ya kununua jibu, nunua mikono tu, au ifanye kazi mwenyewe. Biashara nyingi hulipia wiki sita za uchunguzi ili kusikia kitu ambacho stoo kipa angekisema bure kama angeulizwa bila bosi wake kuwepo.

Hatua ya pili: andika tatizo kwa sentensi moja yenye namba

"Kuboresha ufanisi wa kampuni" si kazi anayoweza kupewa mtu. Sentensi inayofaa ina kitu kinachopimwa, kilipo sasa, kinapotakiwa kufika, na tarehe.

Kuanzia hapa tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Ni msambazaji wa vifaa vya ujenzi mwenye ghala Vingunguti, anayepeleka mzigo kwenye maduka ya Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto na Tegeta, sehemu kubwa kwa mali kauli. Mauzo yake ya mkopo ni shilingi bilioni 1.46 kwa mwaka, yaani milioni 4 kwa siku ukigawanya kwa 365. Madeni yaliyo nje ni milioni 240. Gawanya 240 kwa 4: wateja wanamlipa baada ya siku 60 kwa wastani. Madeni yasiyolipika kabisa ni asilimia 3 ya mauzo ya mkopo, sawa na milioni 43.8 kwa mwaka.

Sentensi yake ni hii: "Kushusha muda wa wateja kulipa kutoka siku 60 hadi 40, na madeni yasiyolipika kutoka asilimia 3 hadi 2, ndani ya miezi 12, bila mauzo kushuka."

Maneno "bila mauzo kushuka" ni ya lazima. Namba moja ikipimwa peke yake, watu huishusha kwa njia rahisi. Ukikataza mali kauli kesho asubuhi, siku za kulipwa zitashuka mara moja, na nusu ya wateja watahamia kwa jirani. Ukifuta madeni mabovu kwenye vitabu, siku zitashuka pia na hakuna shilingi iliyoingia. Kila namba kuu iwekee namba za kuilinda. Hapa ni mauzo, madeni yaliyofutwa, na idadi ya wateja walionunua mwezi huo.

Hatua ya tatu: pima hali ilivyo kabla mshauri hajaingia

Hapa ndipo miradi mingi inapoharibika, na uharibifu hauonekani hadi mwisho. Bila kipimo cha mwanzo, mshauri atasema amesaidia, meneja atasema hajasaidia, na hakuna mwenye ushahidi. Kipimo kifanye mwenyewe, au mhasibu wako, kabla mshauri hajaanza. Mtu anayelipwa kwa kubadilisha namba asiwe ndiye aliyeandika namba ya mwanzo.

Kusanya miezi 12, usikubali mitatu. Biashara za Dar zina misimu mikali: Januari fedha za watu zinakwenda kwenye ada na sare, masika ya Machi hadi Mei ujenzi unapungua na barabara za mitaani hazipitiki, mwisho wa mwaka mauzo hupanda. Ramadhani nayo huja mapema kwa kama siku 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo kulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi iliyopita kunaweza kuwa kulinganisha mwezi wenye siku nyingi za mfungo na mwezi wenye siku chache. Mradi ulioanza Mei na kupimwa Agosti utaonekana umefanikiwa hata kama mshauri alilala tu, kwa sababu mvua imekatika.

Vyanzo vya namba ni vile ulivyo navyo: ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku) za EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, taarifa za benki, taarifa za lipa namba, na daftari la madeni. Vilinganishe. Kwa kawaida daftari la madeni na benki havikubaliani, na pengo lenyewe ni habari. Lirekebishe kwanza.

Kwa upande wa madeni kuna mtego mmoja unaopaswa kuuangalia kwa makini. Mtu wa mauzo anayeogopa kuulizia deni la siku 75 humfungulia mteja ankara mpya, deni la zamani linaonekana limelipwa, na siku zinaanza upya kutoka sifuri. Kwenye vitabu mteja ni mzuri, kumbe hajatoa shilingi. Kwa hiyo hesabu umri wa deni kuanzia tarehe mzigo ulipotoka ghalani kwenye hati ya kupokelea mzigo, usitumie tarehe ya ankara ya mwisho. Chukua wateja 30 kwa kuchaguachagua, ufuatilie kila mmoja fedha yake iliingia lini na kwa njia gani. Kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu kwa mhasibu mmoja, na mara nyingi itabadilisha kipimo chako cha mwanzo.

Ukimaliza, andika namba kwenye ukurasa mmoja, weka tarehe na sahihi yako na ya mhasibu. Ukurasa huo utakuwa kiambatisho cha mkataba.

Hatua ya nne: hesabu faida kabla ya kuomba bei

Tuseme lengo limefikiwa na siku zimeshuka hadi 40. Madeni ya nje yatakuwa milioni 160, kwa hiyo milioni 80 zimerudi mkononi. Washauri wengi wataandika "faida ya milioni 80". Hiyo ni fedha yako mwenyewe iliyokuwa imekaa kwa watu, na inarudi mara moja tu. Faida halisi ni gharama ya mtaji uliookoa. Kama unakopa benki kwa riba ya asilimia 16, milioni 80 zinakuokolea milioni 12.8 kwa mwaka. Ongeza madeni yasiyolipika: kutoka milioni 43.8 hadi 29.2, umeokoa milioni 14.6. Jumla milioni 27.4 kwa mwaka.

Sasa gharama. Tuseme mshauri anataka milioni 24 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Juu yake weka muda wa watu wako, ambao karibu kila mtu husahau. Mhasibu wa mshahara wa milioni 1.2 akitumia nusu ya muda wake kwa miezi minne ni milioni 2.4. Meneja mauzo wa milioni 2 akitumia robo ya muda ni milioni 2 nyingine. Programu ya kufuatilia madeni milioni 3. Jumla milioni 31.4. Ukigawanya kwa 27.4, mradi unarudisha gharama baada ya miezi 14 hivi, endapo lengo lote litafikiwa.

Sasa kata faida nusu, kwa sababu malengo hayafikiwi yote na sehemu ya mabadiliko yangetokea yenyewe. Miezi 14 inakuwa 27 na ushee. Ukiona nusu ya faida bado inarudisha gharama ndani ya miaka miwili, endelea bila wasiwasi. Ikizidi hapo, kama kwenye mfano wetu, punguza ukubwa wa kazi: anza na eneo moja, au acha uchunguzi na ununue utekelezaji tu. Biashara yenye madeni ya nje ya milioni 30 haina sababu ya kumlipa mtu milioni 24 kwa jambo hili, hata awe bingwa.

Hatua ya tano: hadidu za rejea

Hadidu za rejea ni maelezo ya kazi unayompa mshauri. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Weka sentensi ya tatizo, ukurasa wa kipimo cha mwanzo (kama hutaki kutoa namba halisi, weka za kukadiria hadi mtu asaini makubaliano ya kutunza siri), mipaka ya kazi, watu wa ndani watakaopatikana na kwa saa ngapi, vitu vitakavyokabidhiwa, na tarehe. Andika pia kisichomo. "Kazi hii haihusu kupanga upya mishahara" ni sentensi inayookoa ugomvi mwingi.

Taasisi ya umma inafuata njia nyingine kabisa: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, na mfumo wa NeST wa zabuni za mtandaoni chini ya PPRA, mamlaka ya ununuzi wa umma. Mengine ya mwongozo huu bado yanafaa, hasa kipimo cha mwanzo na utekelezaji, ila utaratibu wa kumpata mshauri hauna uhuru wa kampuni binafsi.

Hatua ya sita: kumchagua mtu, si kampuni tu

Kosa la kawaida ni kuvutiwa na mkubwa anayekuja kwenye wasilisho na kisha kufanyiwa kazi na vijana ambao hukuwahi kuwaona. Hakuna ubaya kwa kijana mwenye uwezo. Ubaya ni kulipa bei ya mkubwa. Omba mgawanyo wa siku. Milioni 24 zikigawanywa kwa siku 40 za kazi ni shilingi 600,000 kwa siku kwa wastani. Uliza: mkubwa siku ngapi, msaidizi siku ngapi? Kwa mfano siku 8 za mkubwa kwa milioni 1, na siku 32 za msaidizi kwa 500,000, inatimia milioni 24. Mgawanyo huo ukikataliwa kuandikwa, achana nao. Uliza pia siku ngapi zitakuwa ghalani Vingunguti na ngapi zitakuwa ofisini kwao Masaki. Kwa kazi ya aina hii, chini ya theluthi mbili eneo la kazi ni dalili mbaya, na foleni ya Barabara ya Nyerere isiwe kisingizio cha kuja saa tano asubuhi wakati magari ya mzigo yalishatoka saa moja.

Piga simu kwa wateja wake wawili wa zamani, mmoja uliyepewa na yeye na mmoja uliyemtafuta mwenyewe. Usiulize "Ni wazuri?" Kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Ni kitu gani alichokiacha ambacho bado mnakitumia leo, na nani anakisimamia?" Mtu akianza kutafuta jibu, umeshajibiwa. Uliza pia bei ya mwisho ilizidi ya kwanza kwa kiasi gani, na kwa nini.

Mchunguze anauza nini kingine. Mshauri anayepata kamisheni kwa kuuza programu fulani atagundua kwamba tatizo lako linatibiwa na programu hiyo. Mtake aandike kwenye mkataba kwamba hana maslahi hayo, au ayataje.

Kisha mpe jaribio dogo la kulipiwa: siku moja na orodha yako ya madeni, bila majina ya wateja. Mshauri mzuri atarudi na maswali makali. Kwenye mfano wetu, swali la kwanza linalopaswa kuja ni "Watu wa mauzo wanalipwa kamisheni juu ya nini?" Kama kamisheni inatolewa mzigo ukitoka, mtu wa mauzo hana sababu ya kujali fedha ikiingia. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, na asiyeuliza hilo siku ya kwanza atakupeleka kwenye programu mpya na fomu mpya huku kiini kikibaki palepale.

Hatua ya saba: mkataba na malipo

Malipo yanafundisha mshauri nini ni muhimu kwako. Ukilipa asilimia 60 siku ya ripoti, utapata ripoti. Mgawanyo unaofaa kwa milioni 24 ni huu: asilimia 15 mpango wa kazi ukikubaliwa (milioni 3.6), asilimia 20 uchunguzi ukikamilika (milioni 4.8), asilimia 35 kwa mafungu matatu wakati wa utekelezaji (milioni 2.8 kila mwezi), asilimia 20 makabidhiano yakikamilika (milioni 4.8), na asilimia 10 siku 90 baada ya makabidhiano, vipimo vikirudiwa (milioni 2.4).

Usifunge malipo yote kwenye matokeo. Inavutia kusema "nikipata ndipo ulipwe", lakini mshauri atapandisha bei kufidia hatari, ataepuka kazi ngumu, na atang'ang'ania namba inayosogea haraka. Asilimia 10 hadi 20 inatosha kumfanya ajali.

Upande wa kodi. Ankara ya milioni 24 yenye VAT ya asilimia 18 inakuwa milioni 28.32. Mshauri akiwa mkazi, unazuia kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada kabla ya VAT, yaani milioni 1.2, unaipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na unampa cheti chake. Mkononi anapata milioni 27.12. Kama umesajiliwa VAT, hiyo milioni 4.32 unaidai kwa kutumia risiti ya EFD. Bila risiti, imekuwa gharama yako. Kwa asiye mkazi zuio ni asilimia 15, na hapo kuna kifungu cha kuangalia sana: "ada ni halisi baada ya kodi". Ukisaini hivyo kwa milioni 24, gharama yako inakuwa 24 gawanya kwa 0.85, yaani zaidi ya milioni 28.2, kwa sababu umeibeba kodi yake. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza Julai kila mwaka, kwa hiyo mkataba unaovuka Julai useme nani anabeba mabadiliko.

Vifungu vingine vinavyosahaulika: faili zote za hesabu zikabidhiwe zikiwa wazi, fomula zinaonekana, bila nywila, ushindi wa mradi usitangazwe kwa jina lako bila ruhusa, msaidizi aliyetajwa asibadilishwe bila kukuarifu. Taarifa za wateja wako, majina, namba za simu, madeni yao, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mpe mshauri namba za utambulisho badala ya majina kila inapowezekana, na mkataba useme atafuta data lini.

Hatua ya nane: mteue mwenye kazi wa ndani

Lazima awe mtu mmoja, kwa jina, mwenye muda uliopunguzwa kwenye kazi zake za kila siku, na mwenye mamlaka ya kusema "kuanzia Jumatatu tunafanya hivi". Ukimteua mhasibu bila kumpunguzia kazi, utekelezaji utafanyika saa moja usiku, na baada ya wiki tatu utakuwa haufanyiki. Ukimteua kijana wa mafunzo kwa sababu ndiye mwenye nafasi, watu wa mauzo hawatamsikiliza. Kama hakuna mtu kama huyo kwenye kampuni, ahirisha mradi. Hiyo pekee ni sababu tosha.

Hatua ya tisa: kuendesha kazi wiki kwa wiki

Wiki ya kwanza na ya pili mshauri anatembea na magari, anakaa kaunta, anasoma hati. Wiki ya tatu anatoa matokeo kwenye kurasa tano, na ninyi mnachagua mabadiliko matatu tu. Mapendekezo 27 hayatekelezeki, matatu yanatekelezeka. Kwenye mfano wetu yangekuwa haya: kamisheni ilipwe fedha ikiingia, kila mteja awe na kikomo cha deni ambacho ghala haliwezi kukivuka, na deni lenye siku 30 lipigiwe simu na ofisi badala ya mtu wa mauzo.

Kuanzia wiki ya nne, kikao cha dakika 30 kila wiki siku ileile. Ukurasa mmoja: namba za wiki, kilichofanyika, kilichokwama, nani anakikwamua na lini. Mwenye biashara ahudhurie. Asipohudhuria vikao viwili mfululizo, kila mtu ameshaelewa kwamba mradi si muhimu.

Tarajia upinzani wiki ya tano au ya sita, hasa fedha ya watu inapoguswa. Kamisheni ikihama kutoka mzigo kutoka kwenda fedha kuingia, watu wa mauzo watakaa karibu miezi miwili na kipato pungufu wakisubiri madeni ya mzigo mpya. Wasipofidiwa kipindi hicho, wazuri wataondoka na wateja wao. Suluhisho ni kulipa nusu kwa utaratibu wa zamani na nusu kwa mpya kwa siku 60. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu ya hatua ya nne.

Kikomo cha deni nacho huvunjwa kwa simu moja: "Bosi ameshasema huyu apewe." Amua mapema ni nani pekee anaruhusiwa kuvuka kikomo, na kila ruhusa iandikwe. Mwisho wa mwezi hesabu ruhusa hizo. Kama nyingi zimetoka kwako mwenyewe, tatizo halihitaji mshauri.

Hatua ya kumi: pima kama ni mshauri au ni upepo

Njia ya bei nafuu ya kujua ni kutoanza kila mahali kwa wakati mmoja. Anza Mbagala na Tandika. Tegeta na Gongo la Mboto wasubiri miezi mitatu. Pima kote. Tuseme maeneo yaliyoanza yameshuka kutoka siku 62 hadi 45, pungufu ya 17, na yaliyosubiri yameshuka kutoka 58 hadi 53, pungufu ya 5 bila kufanyiwa chochote. Mchango wa mradi ni siku 12. Mshauri ataandika 17 kwenye ripoti. Kwa mauzo ya milioni 4 kwa siku, tofauti ya siku 5 ni milioni 20, si namba ya kuachia ipite. Na kwa siku 12, ukipeleka mabadiliko maeneo yote, unatarajia kurudisha milioni 48 badala ya 80, kwa hiyo hesabu ya miezi 14 unairudia upya kwa namba halisi kabla ya kusaini awamu ya pili.

Maeneo yakiwa tofauti mno, kwa mfano eneo moja lina wateja watatu wakubwa wanaobeba nusu ya mauzo, watoe wateja hao kwenye hesabu na uwafuatilie peke yao.

Rudia kipimo siku 30, siku 90 na miezi 12 baada ya mshauri kuondoka, kwa kanuni ileile ya mwanzo na mtu yuleyule. Kipimo cha siku 30 huwa kizuri karibu kila mara, maana watu bado wana hofu. Cha siku 90 ndicho kinacholipiwa ile asilimia 10. Cha miezi 12 ndicho kinachosema kama mafundi wa Accra wamejirudia Vingunguti. Namba zikianza kurudi, usimwite mshauri haraka. Angalia kwanza kama kikao cha wiki bado kinafanyika, kama mwenye kazi wa ndani bado yupo kwenye nafasi yake, na kama kamisheni haijarudishwa kimyakimya kwenye utaratibu wa zamani. Watafiti waliorudi kwenye vile viwanda vya India miaka minane hivi baadaye walikuta karibu nusu ya taratibu mpya zimeachwa, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kuondoka kwa mameneja waliozisimamia. Kwa hiyo andika utaratibu kwenye kurasa mbili, na mfundishe mtu wa pili kabla wa kwanza hajapata kazi kwingine.

Wakati wa kusimamisha

Mkataba uwe na mlango wa kutokea mwisho wa uchunguzi, kwa notisi ya siku 14 na malipo ya kazi iliyofanyika tu. Utumie mlango huo kama wiki ya tatu imepita na mshauri hajakuambia jambo hata moja ambalo hukulijua, kama waliotajwa kwenye mkataba hawaonekani, au kama uchunguzi umeonyesha tatizo ni dogo kuliko mlivyodhani. Hili la tatu si kushindwa. Milioni 8.4 zilizolipwa hadi hapo zimezuia milioni 15.6 zilizobaki zisitumike kutibu ugonjwa ambao haupo, na mshauri aliyekwambia hivyo kwa hiari yake ndiye wa kumpigia simu safari ijayo.